Je, wajua kwa nini wazimamoto wengi wa Marekani hawana mshahara?

Saa nane usiku king'ora kinalia katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wanaokurupuka vitandani ni kinyozi, fundi magari na mwalimu wa hesabu. Kila mmoja anawasha gari lake mwenyewe mpaka kituoni, anavaa buti na koti zito, ndipo gari la zimamoto linatoka. Asubuhi kinyozi atafungua duka kama kawaida, na kwa kazi ya usiku halipwi hata senti. Kwa hesabu ya mwaka 2020, Marekani ilikuwa na wazimamoto zaidi ya milioni 1, na takriban 65 katika kila 100 walikuwa wa kujitolea.

Nchi tajiri hivyo imefikaje hapo?

Turudi mji wa Philadelphia, tarehe 7 Desemba 1736, mchapaji Benjamin Franklin na wenzake walipounda Union Fire Company, kampuni ya zimamoto. Usibabaishwe na neno kampuni, maana hawakuwa wakiuza chochote. Kilikuwa kama chama cha kufa na kuzikana, ila hiki kilikuwa cha kuunguliwa na kuzimiana.

Mkataba wao haukuwa na mzaha. Kila mwanachama alinunua kwa fedha zake ndoo mbili za ngozi na mifuko minne ya kitambaa kigumu, vyote vikiandikwa herufi za mwanzo za jina lake. Ndoo tunazielewa. Mifuko ilikuwa ya kuhamishia mali ya mwenzao kabla moto haujaifikia, kwani kwa maji ya ndoo nyumba iliyokwisha kushika moto ilikuwa vigumu kuiokoa. Wawili walisimama mlangoni wasiingie watu wa kutiliwa shaka, kwa sababu vibaka nao huusikia ukelele wa moto. Ukipigwa usiku, kila mwanachama aliweka taa madirishani kwake. Ndoo ikikosekana, faini shilingi 5. Faini za watoro wa kikao cha kila mwezi zilinunua pampu, ngazi na kulabu. Aliyewahi kuwa mweka hazina wa kikoba atacheka hapo.

Chama kilikuwa na kikomo cha wanachama. Waliozidi kubisha hodi waliambiwa wakaunde chao, na kweli wakaunda, kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo utamu ukaingia shubiri. Karne iliyofuata, katika miji mikubwa, kampuni zilishindana kama timu za mpira. New York kulikuwa na mbinu ya kumtanguliza mtu afunike bomba la maji la barabarani kwa pipa tupu, kisha alikalie mpaka wenzake wafike. Kampuni pinzani ikitokea, ngumi zinarushwa huku nyumba inateketea.

Mwaka 1853 Cincinnati ikachoka. Iliajiri wazimamoto wa mshahara na kuwapa pampu ya mvuke, ambayo haikuhitaji tena kundi la wanaume wa kusukuma mpini. New York ikafuata mwaka 1865, Philadelphia yenyewe mwaka 1871.

Miji midogo haikufuata, na sababu ni hesabu tu. Moto mkubwa huenda ukatokea mara chache kwa mwaka, lakini mtu wa zamu hulipwa saa zote 24, pawe na moto au pasiwe. Kodi ya watu elfu mbili haiwezi kubeba hilo. Kwa hiyo ndoo za Franklin zikabaki, kwa sura nyingine: leo kampuni hizo huuza chapati za maji na kuku wa kuchoma, na kuchezesha bingo, mchezo wa kubahatisha namba, ili zisaidie kulipia mipira ya maji na magari.

Kinachopungua ni watu. Mwaka 1984 wa kujitolea walikuwa karibu 898,000. Mwaka 2020 walikuwa kama 677,000. Wengi hufanya kazi mbali na mji wanakolala, hivyo moto wa saa nne asubuhi ndio unaoogopwa zaidi. Siku hizi, katika maeneo mengi, king'ora cha mchana huita vituo viwili vitatu kwa pamoja, vikitarajia kukusanya watu wa kutosha gari moja.