Je, wajua kwa nini dhahabu ya Australia ilipitishwa njia ndefu?

Mwaka 1852, wachimbaji wa Mount Alexander, katika koloni la Victoria, walikuwa kilomita 120 hivi kutoka Melbourne. Hata hivyo, wengi walikabidhi dhahabu yao kwa polisi waliokuwa wakielekea Adelaide, mji mkuu wa koloni jirani la Australia Kusini, zaidi ya kilomita 500, kwa kukatiza nyika kavu.

Kwa muda mrefu niliamini walikuwa wanakwepa majambazi. Nilikuwa nimesoma habari za msafara wa dhahabu wa McIvor, machimbo mengine ya Victoria, uliovamiwa njiani tarehe 20 Julai 1853 ukaporwa wakia zaidi ya 2,300 (wakia moja ya dhahabu ni gramu 31 hivi). Lakini tazama tarehe. Msafara wa kwanza wa Adelaide, ulioongozwa na kamishna wa polisi Alexander Tolmer, ulifika Machi 1852, mwaka mzima na zaidi kabla ya uporaji huo. Isitoshe, aliye na hofu ya wezi hachagui njia iliyo ndefu mara nne, yenye askari wachache na vituo vya maji vya kuhesabu. Wezi walikuwepo kweli, na hofu pia. Ila hofu haikuamua njia.

Kilichoamua ni bei. Fikiria kijiji wakati wa mavuno: kila nyumba ina mahindi, pesa hakuna, na mwenye noti mfukoni ndiye anayepanga bei ya debe. Melbourne ilikuwa hivyo. Dhahabu ilifurika, sarafu zikaadimika, na wakia ikauzwa shilingi 60 hivi. Adelaide nayo ilikuwa na shida yake: wanaume wake walikuwa wamekimbilia machimboni na sarafu zao, biashara ikalala. Ndipo Januari 1852 baraza lake likapitisha, kwa siku moja, sheria ya kuyeyusha dhahabu, kupima usafi wake na kuipiga mihuri, kisha benki zitoe noti kwa shilingi 71 kwa wakia. Ni kama ghala linalopokea mahindi yako kwa bei iliyotangazwa, na stakabadhi yake inanunua sukari dukani.

Tolmer alileta wakia 5,199, kama kilo 160. Kwa tofauti ya shilingi 11 kwa wakia, na pauni moja ikiwa shilingi 20, hiyo ni zaidi ya pauni 2,800 za ziada, na nyingi ziliingia katika familia zilizoachwa Adelaide bila kitu. Hapo ndipo ninapoona uzuri wa jambo hili: walinzi wale walikuwa wanarudisha mishahara nyumbani.

Misafara iliendelea hadi Desemba 1853. Mji wa Bordertown, ulioanzishwa kwenye njia hiyo mwaka 1852, upo hadi leo.