Netiweki moja, mifumo miwili, mbona idadi ya alamu haifanani?

Hili swali huwa linakuja na picha mbili za skrini. Kushoto mfumo wa zamani wa kukusanya alamu za vifaa vya mtandao, tuseme unaonyesha alamu 4,210, kulia mfumo mpya unaochukua nafasi yake, 2,870, afu chini mtu kaandika neno moja tu, "mbona?" Na kila aliyeko kwenye lile kundi anataka jibu hapohapo: mpya unapoteza alamu au wa zamani ndo unadanganya? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Kwa namba hizo mbili peke yake hujui chochote, na hata zingelingana kabisa, 4,210 kwa 4,210, bado usingejua chochote, manake unaweza kukuta alamu 300 ziko upande huu tu na nyingine 300 tofauti kabisa ziko upande ule tu, jumla ikatoka sawa na kila mtu akapiga makofi.

Tuanze na kinachohesabiwa. Chukua poti moja ya faiba yenye konekta iliyolegea, ndani ya saa moja imekata na kurudi mara 40. Kifaa kimetuma taarifa 80, yani 40 za alamu kuwaka na 40 za alamu kuzima. Mfumo wa kwanza unaandika kila taarifa kwenye mstari wake, kwa hiyo mistari 80. Wa pili unaunganisha marudio, mstari mmoja na pembeni kuna safu imeandikwa 40. Wa tatu unaonyesha alamu zilizo hai tu, na kama umefungua skrini wakati laini imerudi utaona 0. Sasa 80, 1 na 0 zote ni za kweli na zote ni za poti ileile! Mmoja anahesabu wageni wanaopita mlangoni, mwingine anahesabu waliokaa kwenye viti, halafu tunashangaa hesabu hazikutani. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote hakikisha pande zote mbili unatoa orodha ya alamu hai, sio historia, na unazitoa dakika ileile.

Uzito wa alamu, yani ukali wake, nao una vituko vyake. Kiwango cha ITU-T X.733 cha mwaka 1992 kiliweka ngazi vizuri tu: kritikali, meja, maina, woningi, pamoja na isiyojulikana na iliyofutika. Shida ni kwamba trapu ya SNMP (ujumbe ambao kifaa kinautuma chenyewe kikipata tatizo, kwa itifaki ya kusimamia mtandao) yenyewe haina sehemu maalumu ya uzito, kila mtengenezaji anauweka kwenye MIB yake (orodha ya taarifa za kifaa chake) anavyopenda au anamwachia anayepokea aamue. Unakuta ile "isiyojulikana" mfumo mmoja umeigeuza woningi, mwingine umeifanya meja kwa usalama, halafu ripoti ya asubuhi inasema meja zimepanda ghafla baada ya kuhamia mfumo mpya. Hazijapanda, ni jedwali la tafsiri. Hapa sipotezi muda sana, naomba majedwali ya pande zote mbili, nayaweka sambamba, basi.

Penye kazi hasa ni ufunguo, yani ni nini kinafanya alamu hii ihesabike kuwa ni ileile. RFC 8632 ya mwaka 2019, waraka wa viwango vya intaneti kuhusu alamu, imelisema hili wazi: alamu inatambulika kwa rasilimali yenye tatizo, aina ya alamu, na kitofautishi cha aina kama kipo. Muda haumo. Maelezo marefu ya maandishi hayamo. Sasa nenda kaangalie mifumo yenyewe. Kuna ile ambayo mtu aliyeiunganisha aliweka maandishi ndani ya ufunguo, na kifaa kinaandika "Joto limezidi: 61", dakika tano baadaye "Joto limezidi: 62", afu 63. Kwa binadamu ni kabati moja lenye joto, kwa mfumo ni alamu tatu. Mbaya zaidi ni siku feni inaporudi, kifaa kinatuma ujumbe wa kufuta wenye "58" ndani yake, ufunguo haukutani na yoyote kati ya zile tatu, na zote zinabaki pale zinang'aa kana kwamba kabati bado linaungua. Ukiona aina moja ya alamu ina namba kubwa isiyo na maelezo, fungua mistari kumi ya kwanza usome maandishi kwa macho yako, mara nyingi utaona kitu kinachobadilika ndani yake.

Na hizo alamu mzimu (sisi ndo tunavyoziita) zina tabia ya kujilimbikiza. Trapu kwa kawaida inasafiri kwa UDP, njia ya kutuma isiyosubiri jibu, kwenda poti 162, ikipotea njiani imepotea, aliyetuma hajui na aliyepaswa kupokea hajui pia. SNMP toleo la 2 lilileta informu ambayo inasubiri kuthibitishwa imepokelewa, lakini vifaa vingi huko nje bado vimewekwa trapu za kawaida. Ukipoteza ujumbe wa kuwaka, unakosa alamu moja. Ukipoteza ujumbe wa kuzima, umepata mzimu, na mzimu hauondoki wenyewe mpaka mtu aufute kwa mkono au mfumo ufanye ulinganisho upya na kifaa. Ndo maana mfumo uliokaa miaka bila kusawazishwa karibu kila mara una namba kubwa kuliko mpya, na ndo maana ule mshtuko wa "mpya umepoteza alamu 1,340" mimi naupokea taratibu. Ila sisemi upuuzwe.

Nachofanya ni hiki. Natoa orodha mbili, nasawazisha majina kwanza, manake huku saiti inaitwa SITE0417 na kule ni 0417_3, na bila jedwali la majina hakuna kitakachokutana. Muda wote naugeuza UTC, na naangalia kama safu inayosomeka ni muda wa kifaa au muda wa kupokelewa. Naondoa vifaa vilivyounganishwa upande mmoja tu, hivyo ni suala la inventori na sio la alamu. Naondoa pia alamu zenye umri chini ya dakika kumi, hizo bado ziko njiani. Halafu skripti ndogo inagawa mafungu matatu: ziko kote, ziko huku tu, ziko kule tu.

Hayo mafungu mawili ya mwisho ndo kazi yenyewe. Shahidi wa tatu ni kifaa, ingia kwenye nodi uombe orodha yake ya alamu hai. Ipo kwenye kifaa na haipo kwenye mfumo mpya, hiyo ni pengo. Haipo kwenye kifaa na ipo kwenye mfumo wa zamani, mzimu. Usichague sampuli kwa bahati nasibu tu, panga kwa aina kwanza, manake aina moja inaweza kubeba mamia na sababu ikawa mstari mmoja wa konfigi. Na mapengo hayana uzito sawa, woningi 500 za mzimu ni usumbufu, kritikali moja iliyokosekana ni saiti iliyozima na zamu nzima haina habari.

Kabla hujaita kitu pengo, angalia kama hakijafichwa. Faiba ikikatwa, poti moja inalia kupoteza mawimbi na vituo vyote vya mbele vinalia kupoteza mawasiliano. Mfumo wenye korelesheni, yani unaokusanya alamu zenye chanzo kimoja, unaonyesha mzazi mmoja na watoto sitini wamekunjwa chini yake, hawajapotea, bofya tu. Vilevile angalia nodi iliyowekwa kwenye matengenezo, na vichujio vya akaunti yako, maana kuna watu wanalinganisha kwa akaunti mbili zenye mikoa tofauti na mjadala unakwenda wiki nzima.

Jambo la mwisho ni muda wa kulinganisha. Wengi wanachagua usiku uliotulia, namba zinakutana, wanasaini. Fanya na siku ya dhoruba, umeme umekatika eneo kubwa na vituo mamia vinatuma trapu kwa pamoja, hapo ndo foleni ya kupokea inajaa. Kama sava ni Linux, soma RcvbufErrors, hesabu ya ujumbe uliotupwa kwa sababu foleni ya kupokea imejaa, kwa netstat -su (huenda ikaandikwa "receive buffer errors") kabla ya dhoruba na baada yake. Hesabu hiyo ikipanda kwenye sava inayopokea trapu, kuna uwezekano mkubwa trapu zilifika mlangoni na zikatupwa kabla programu haijazisoma, na hizo hutazikuta kwenye logi yoyote ya mfumo wa alamu.