Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa cherehani huanza kushona bila uzi?

Mwanafunzi wa sekondari anayekwenda kwa fundi kila Jumamosi hutarajia kupewa kitambaa siku ya kwanza. Badala yake anawekewa cherehani ya miguu isiyo na uzi na karatasi iliyochanwa kwenye daftari lake kuukuu. Sababu iko miguuni.

Gurudumu la cherehani lazima lizunguke kuja upande wa mshonaji. Mguu ukisita, linarudi nyuma, na uzi ungekuwepo ungejisokota kwenye bobini, yaani kigurudumu cha uzi wa chini, na kukatika. Kwa hiyo mkono wa kulia huanzisha gurudumu, miguu ikapokea, kisigino na vidole vikipokezana bila kusimama. Usiguse karatasi kabla hujaweza kukanyaga dakika tano mfululizo gurudumu lisirudi hata mara moja.

Kisha fuata mistari ya daftari. Tumia sindano iliyochakaa, maana karatasi huifanya butu upesi. Baada ya mistari chora kona: simamisha sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani unaoshikilia karatasi, geuza, shusha, endelea. Malizia na duara la kufuatisha mfuniko wa kikombe, ambalo ndilo mazoezi ya shingo ya blauzi. Sasa inua karatasi juani. Matundu yaliyoachana yanaonyesha umevuta, yaliyosongamana umezuia. Meno ya cherehani ndiyo yanayosogeza kitambaa, kazi ya mkono ni kuelekeza tu. Ukivuta, sindano hupinda, ikagonga bamba la chuma lililo chini yake na kuvunjika.

Ukiruhusiwa uzi, weka sindano namba 14 kwa kitenge, namba 16 kwa kaki nzito au jinzi. Mshono ukiruka, angalia kwanza ubapa wa shina la sindano umekaa upande gani.

Wazazi huhofia masomo, nao wana haki. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Mzazi na fundi wakubaliane mapema: Jumamosi na likizo, na wiki za mitihani asiitwe.

Kukata huja mwisho kabisa, kwa kuwa mshono hufumuliwa ila kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara. Hapa ndipo shule inapomsaidia. Sketi ya mwamvuli ni duara. Kiuno cha inchi 28 ukigawanya kwa 6.28, yaani pai mara mbili, unapata nusu kipenyo cha kama inchi 4 na nusu. Anayeanza hukunja kitambaa kiwe tabaka nne, akapima 4 na nusu kutoka kwenye kona, akakata hapo hapo. Halafu anashona nusu inchi ndani ya ukingo, nusu kipenyo kinakuwa 5, kiuno kinapita inchi 31 na sketi inateleza. Kata kwenye inchi 4. Nusu inchi ya mshono itakufikisha panapotakiwa.