Ukiumia kazini, taarifa ndiyo inayobeba haki yako

Katika kazi yangu ya kuwashauri wafanyakazi kuhusu fidia, wengi hunijia wakiamini kwamba hawastahili chochote kwa sababu waliteleza wenyewe au hawakuwa makini. Kwa Tanzania Bara, imani hiyo si sahihi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haimtaki majeruhi athibitishe kosa la mwajiri. Kinachoangaliwa kwanza ni kama ajali au ugonjwa umetokana na kazi. Mlipaji ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na waajiri tangu Julai 2015, na mchango huo haukatwi kwenye mshahara wako.

Haki nyingi hupotelea kwenye makaratasi. Kijana mmoja aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kuranda mbao alilipiwa matibabu na bosi wake, akapewa bahasha ya pole, akaambiwa mambo yameisha. Cheti chake cha hospitali kiliandikwa "jeraha la mkono", bila neno lolote kuhusu kazi. Fedha ya pole si fidia, na mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali. Kwa hiyo mwambie msimamizi mapema, tena kwa maandishi, ukitaja saa, mashine na walioshuhudia, kisha mwombe daktari aandike kwamba uliumia kazini. Madai yakicheleweshwa zaidi ya miezi 12, unaweza kuikosa haki yako.

Mbali na matibabu, asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake nao wana haki ya kulipwa.

Wanaoniumiza moyo zaidi ni vibarua, ambao huambiwa kwamba bila mkataba wa maandishi hawana madai. Ajira huthibitishwa pia na mazingira ya kazi yenyewe, kwa hiyo tunza kitambulisho cha getini, ujumbe wa malipo kwenye simu na majina ya wenzako wa zamu.