Je, wajua? Kwa nini mbwa mkubwa huzeeka kabla ya mbwa mdogo

Tembo huvuka miaka 60, panya akifika mitatu ni babu. Kwa wanyama wengi wanaonyonyesha, mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye maisha marefu. Mbwa wamegoma. Great Dane wa kilo 60 mara nyingi hafikishi miaka 10, ilhali Chihuahua wa kilo mbili au tatu anaweza kuvuka 14 na bado akabwekea kila anayegonga geti.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, walichambua vifo vya mbwa wa aina 74. Waliona kwamba kila kilo mbili za ziada hupunguza umri kwa takriban mwezi mmoja, na sababu kubwa ni kasi: mbwa mkubwa akianza kuzeeka, huzeeka mbio. Maelezo yanayotajwa sana ni ukuaji wenyewe. Mbwa mkubwa hujenga mwili wake wote katika mwaka mmoja na nusu hivi, seli zikigawanyika bila kupumzika huku homoni ichocheayo ukuaji iitwayo IGF-1 ikiwa juu. Ndiyo maana saratani humwandama zaidi.

Kwa hiyo ile hesabu ya kuzidisha umri wa mbwa mara saba ili kupata umri wake wa kibinadamu itupe. Mbwa jike wa mwaka mmoja anaweza kuzaa; mtoto wa miaka saba yuko darasa la kwanza au la pili.

Hapa Mwanza hili lina uzito wake, kwa sababu mbwa wanaonunuliwa kwa bei kulinda nyumba za Capri Point au Buswelu ni German Shepherd au chotara wake, kilo 30 na zaidi. Akifika miaka minane huyo ni mzee, ingawa mwenye nyumba bado anamhesabu kama askari. Mbwa wa kienyeji, mdogo wa umbo, angeweza kuishi zaidi, ila magari, kupe na kichaa cha mbwa humkatisha njiani.

Mtazame mbwa mzee asubuhi anapoamka. Hutanguliza miguu ya mbele, anatulia, kisha anaikokota ya nyuma. Kucha zimerefuka kwa kuwa hatembei vya kutosha kuzisugua. Kwenye nyumba za mlimani, Igogo au Mabatini, husimama chini ya ngazi za mawe akiangalia juu, na watu husema amekuwa mvivu. Si uvivu, ni viungo. Mhamishie banda na bakuli chini, mtandikie magunia asilale kwenye sakafu ya saruji, mkate kucha.

Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kwenye kabati lako. Dawa hizo huweza kumtoboa tumbo na kuharibu figo. Ziko dawa za maumivu za mbwa. Muulize daktari wa mifugo.

Chakula kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyotolewa mwaka 2002 yalihusu Labrador 48: nusu yao walilishwa robo pungufu ya wenzao maisha yao yote, wakaishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo ukawachelewa. Mlima wa ugali kila jioni kwa mzee aliyenenepa si huruma. Punguza ugali, ongeza dagaa waliooshwa mchanga, bila chumvi. Mapanki (mabaki ya sangara aliyeondolewa minofu) kutoka mwalo wa Kirumba yachemshe utoe nyama na supu, mifupa na miba uitupe.

Ukungu wa samawati machoni kwa kawaida ni uzee tu. Weupe mzito ni mtoto wa jicho. Akinywa maji kupita kiasi, figo au kisukari vichunguzwe. Jike asiyefungwa kizazi akifanya hivyo wiki chache baada ya joto, huenda ana usaha kwenye mji wa mimba. Mpeleke siku hiyohiyo.

Chanjo ya kichaa inaendelea kila mwaka, hata akiwa amechoka vipi. Na akipoteza usikivu, watoto wasimguse akiwa amelala: mbwa mpole akishtuka anaweza kung'ata. Wapige mguu chini kwanza ahisi mtikisiko, au wamjie kwa mbele awaone.