Boya la mzamiaji ni nini, na ubebe nini kingine

Boya la mzamiaji ni mfuko mrefu mwembamba wa rangi kali, wengi wanauita soseji tu, unakunjwa unawekwa mfukoni halafu ukikaribia kupanda unaujaza hewa ya regyuleta, yaani kile kifaa cha mdomoni unachopumulia, unachomoka mpaka juu na kamba yake, na boti inajua uko wapi hata kabla hujatoa kichwa.

Maana kichwa chenyewe kwenye mawimbi ni kama nazi inayoelea, mtu hakioni. Na mkondo haukusubiri, chukua mfano wa Pemba wakati wa bamvua, ukikubeba kwa kilomita 4 kwa saa basi nusu saa tu uko kilomita 2 kutoka pale ulipoachwa.

Sasa kwenye kuchagua mimi naanza na swali moja, nani atakutafuta? Kama ni nahodha wako au wavuvi wanaopita, hao wanatumia macho, kwa hiyo chukua boya refu, karibu mita 1.8, sio yale mafupi ambayo upepo ukipiga yanalala, liwe la rangi ya chungwa, na mdomo wake uwe na vali hewa isitoke likiinama. Kamba usijifunge nayo mwilini jamani, ikinasa kwenye boti inakuvuta juu bila breki. Ongeza kioo kidogo cha kumulika, hakina betri na jua likiwa kali mng'ao wake unaonekana kilomita nyingi, unanyoosha mkono mmoja mbele, boti unaiweka katikati ya vidole viwili halafu unaupitisha mwanga hapo hapo. Usiku ni tochi.

Filimbi ni bei rahisi beba tu, ila injini ikiwa inanguruma nahodha hasikii kitu. Ipo honi inayofungwa kwenye bomba linalojaza hewa jaketi la kuelea la mzamiaji, hiyo inapiga kelele kweli, lakini inakula hewa ya tangi, ukipanda na tangi kavu imekwisha habari yake.

Shida ni pale ambapo hakuna anayekutafuta. Mwaka 1998 kule Australia, Great Barrier Reef, boti iliwaacha Wamarekani wawili baharini, na ilipita siku mbili ndipo ikagundulika hawapo. Hapo boya linamwonyesha nani? Hapo ndipo kinahitajika kile kiredio cha dharura kinachotuma kwenye setilaiti kwa masafa ya 406 MHz, unakisajili kwa jina lako, na waokoaji wanapata taarifa hata kama boti imeshakusahau. Vya aina ya AIS, ule mfumo wa redio ambao meli hujulishana zilipo, vinatuma kwa meli zilizo karibu, vizuri sana, ila boti ndogo nyingi za kwetu hazina cha kupokelea, kwa hiyo kabla hujatoa hela muulize nahodha. Na vingi vya setilaiti havikutengenezwa kwa kina cha kuzamia, vinataka kopo lake maalum lisiloingiza maji, na ukishawasha unakishika antena iwe juu ya maji muda wote.