Huna arosto, lakini uraibu unao

"Daktari, mimi si teja. Sina arosto." Wiki iliyopita watumiaji wa kokeini wameniambia hivyo mara tatu, maana yao hawapati yale mateso ya mwili ya kukosa dawa. Wa tatu alikuwa baba mwenye kazi nzuri, funguo za gari kaziweka mezani kwangu, na ada ya mtoto ya muhula mzima imeishia puani mwake ndani ya wikiendi mbili. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, basi naandika.

Najua dhana hii imetoka wapi. Sisi wa Dar es Salaam tumeujua uraibu kupitia heroini. Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011, kila mtaa una mtu anayehudhuria dozi, na kila mtu anaijua arosto: miayo isiyokatika, kamasi, kuhara, mifupa kuuma, mtu anahangaika na kete moja ili tu asimame wima. Watu wakaifanya hiyo ndiyo mizani. Asiyeamka na miayo anajiona yuko salama.

Kokeini haina arosto ya namna hiyo, na ekstasi, vile vidonge vya klabu, vilevile. Ukiacha Jumapili, Jumatatu unalala kama gogo, Jumanne unaamka na njaa, hasira karibu na moyo mzito, unasema ni uchovu. Alhamisi umechangamka, unajisifu: "Siku nne sijagusa, sijaona tabu." Siku nne! Hao wote ninaowatibu wanaziweza siku nne. Niambie ya Ijumaa mshahara ulipoingia.

Kokeini huizuia dopamini, kemikali ya raha ya ubongo, isirudi kwenye seli ilikotoka, ikajaa pale kati ya neva kuliko raha yoyote ya kawaida inavyoweza kuijaza. Ubongo ukipata hivyo hauweki kumbukumbu ya kokeini peke yake. Unaweka na muziki, harufu ya bia, choo cha klabu, hata mlio wa ujumbe wa benki. Kumbukumbu hizo hazitoki kwa jasho wala kwa kulala siku tatu. Nina watu waliokaa miezi mitano bila kutumia, wakapita tu mbele ya baa ile ile, viganja vikalowa na tumbo likaanza kusokota. Huo ndio uraibu wenyewe, na mifupa haijauma hata kidogo.

Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, una vigezo 11. Arosto ni kimoja tu. Viwili vikitimia ndani ya miezi 12, tatizo lipo: ulipanga kutumia kidogo ukamaliza yote, umejaribu kupunguza ukashindwa, kazi imeyumba, umegombana na mkeo na bado unaendelea. Yule baba nilimhesabia vyake, tukafika sita kabla chai haijapoa. Halafu mtazame mgonjwa wangu wa methadoni. Huyo akikosa dozi arosto inamshika kweli, lakini anakunywa dozi yake asubuhi, anaenda gereji, kodi ya nyumba inalipwa. Mwongozo huo huo unasema arosto ya dawa unayotumia kama ulivyoandikiwa haihesabiwi kuwa kigezo. Kati ya hao wawili, teja ni nani?

Sisemi kila aliyeonja atanasa. Utafiti mkubwa wa Marekani ulikadiria kwamba takriban mmoja kati ya watano waliowahi kutumia kokeini huishia kuwa tegemezi. Shida ni kwamba meza nzima ya klabu inajihesabu kwenye wale wanne.

Na arosto mnayoisubiri huja kwa mlango wa nyuma. Saa kumi alfajiri usingizi umekataa, moyo unadunda, rafiki anakupa kidonge cha usingizi. Wikiendi nyingine kidonge hakitoshi, anakuwekea heroini kidogo kwenye sigara, "ya kushushia." Baada ya miezi kadhaa ndipo wanapofika kwangu wakipiga miayo, wananiambia uraibu umewaanza juzi.

Wengine wanadai dawa ya kunywa "kama wale wa heroini." Methadoni ni ya heroini na jamaa zake. Kwa kokeini hakuna dawa yoyote iliyoidhinishwa kutibu uraibu wake. Ni ushauri nasaha, wiki baada ya wiki, na mshahara kushikwa na mtu mwingine.

Mengine ninayoulizwa, haraka haraka. Ukimeza ekstasi kunywa maji mengi uwezavyo? Mwaka 1995 huko Uingereza binti aliyekuwa anasherehekea miaka 18 alikunywa karibu lita saba kwa muda mfupi, chumvi ya damu ikashuka, ubongo ukavimba, akafa. Pumzika, poza mwili, kunywa kwa kiasi. Na hicho kidonge hujui kina nini ndani.

Mwenzako amezidisha, umpe maziwa? Hapana, hapana, hapana. Mtu asiyejitambua maziwa yanaingia mapafuni. Mlaze ubavu, angalia anavyopumua, mkimbize hospitali, useme ukweli ametumia nini. Kama ni heroini, naloksoni, dawa inayoipinga heroini mwilini, inaweza kumrudisha ndani ya dakika chache, lakini huisha nguvu mapema kuliko heroini yenyewe, kwa hiyo akifumbua macho msimrudishe nyumbani.

Kokeini inakata pombe? Inakata kujisikia umelewa, pombe iko pale pale. Vikikutana, ini linatengeneza kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini na kuuchosha moyo zaidi. Hata bila pombe, saa ya kwanza baada ya kuvuta kokeini uwezekano wa shambulio la moyo ulionekana kupanda mara 24 hivi, na waliochunguzwa hawakuwa wazee.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni kuacha bia. Wenzangu kazini wananiona mkali, wanasema nianze na kokeini. Lakini karibu kila aliyerudia ameniambia hadithi moja: alikwenda kunywa mbili tu. Yule baba amekubali kadi ya benki ikae kwa mkewe, namba ya muuzaji ameifuta mbele yangu. Kwenye bia bado tunabishana, na Jumanne anarudi.